Nani Aondoke? Maana ya Wimbo Mmoja wa Jim Reeves

Wimbo ninaotaka kuueleza katika kurasa hizi wengi wenu mmekwisha kuusikia, hata kama hamjui jina lake. Mwimbaji ni Jim Reeves, Mmarekani wa jimbo la Texas mwenye sauti nzito na ya upole, ambaye babu zetu walimsikia katika santuri, wazazi wetu katika kanda, na sisi twamsikia katika simu. Hapa kwetu watu humfahamu zaidi kwa nyimbo zake za dini na za Krismasi. Ikifika Desemba hukosi kumsikia akiimba dukani, hata kama mwenye duka haelewi neno moja. Lakini wimbo ninaousema si wa dini wala wa Krismasi. Jina lake ni "He'll Have to Go," nao ni wimbo wa mtu aliyepatwa na jeraha la moyo huku ameshika simu mkononi.

Naandika habari hizi kwa sababu mwaka jana, tulipokuwa Kidato cha Tano, mwalimu wetu wa Kiingereza alitusikilizisha wimbo huu mara tatu, akatuamuru tueleze maana yake kwa Kiswahili. Alidhani ni kazi ya kipindi kimoja. Ubishi ulioanza pale ulitufuata bwaloni na ukaingia mabwenini, na hata muhula huu kuna watu wasioafikiana. Wenzangu wa upande wa pili walisema kwamba kama nina hoja, niiandike katika gazeti la shule watu waisome. Basi nimeiandika.

Yafaa kwanza niseme kidogo juu ya kantri yenyewe. Ni muziki uliokulia katika mashamba na vijiji vya kusini ya Marekani, kwa wakulima, watu wa reli na madereva wa malori. Fidla yao ilitoka Ulaya. Banjo yao asili yake ni Afrika, ilivuka bahari na watu waliochukuliwa utumwani. Makao yake makuu ni mji wa Nashville, katika jimbo la Tennessee. Habari zinazoimbwa ni zilezile sikuzote: kazi, treni, pombe, mama, Mungu, na mapenzi yaliyoharibika. Juu ya hilo la mwisho wana nyimbo nyingi kuliko mtu awezavyo kusikiliza akabaki na furaha yake.

Sasa hadithi ya wimbo. Ni usiku. Mwanamume mmoja yumo ndani ya baa, na mle ndani sanduku la santuri lapiga muziki kwa sauti kubwa. Sanduku hilo lilikuwa mashine yenye santuri nyingi tumboni mwake. Mtu akitia sarafu na kubonyeza kitufe, santuri aliyoichagua ilijipiga yenyewe. Mwanamume huyu ampigia simu mwanamke ampendaye, naye ajua kwamba mwanamke hayuko peke yake. Pana mwanamume mwingine pale alipo. Basi amwomba asogeze mdomo karibu na simu, wajifanye kana kwamba wako wawili tu, mahali pamoja. Amwahidi kwamba yeye atamwambia mtu wa baa apunguze sauti ya sanduku. Naye mwanamke amwambie huyo rafiki yake kwamba itambidi aondoke. Kisha amwuliza kama bado ampenda. Atambua kwamba si rahisi kwa mwanamke kutamka maneno ya mapenzi huku mwingine yu karibu, kwa hiyo ampunguzia kazi: ajibu ndiyo au siyo, naye ataelewa. Mwisho amtaka aseme: je, akate simu, au yule mwingine ataambiwa aende zake?

Wimbo waishia hapo, baada ya dakika mbili na ushei. Jibu hatulisikii.

Walioutunga ni mtu na mke wake, Joe na Audrey Allison. Husimuliwa kwamba Audrey alikuwa na sauti ndogo, na walipozungumza kwa simu mumewe alilazimika kumwomba asogeze mdomo karibu ili amsikie. Jambo dogo la nyumbani kama hilo ndilo lililozaa wimbo, nami napenda kulikumbuka, maana laonyesha kwamba ombi la kusogea karibu lilianza kwa watu waliokuwa wakipendana. Jim Reeves aliurekodi huko Nashville mwezi Oktoba 1959, chini ya usimamizi wa Chet Atkins. Ulitiwa upande wa pili wa santuri, ule ambao wenye kampuni hawakuutegemea sana. Walioigeuza santuri ni watangazaji wa redio. Mwaka 1960 wimbo ulikaa juu kabisa katika orodha ya nyimbo za kantri za Marekani kwa majuma 14, na katika orodha ya nyimbo za aina zote ulifika nafasi ya pili.

Sifa kubwa ni ya sauti. Jim Reeves alikuwa mtangazaji wa redio kabla ya kupata jina kama mwimbaji, na alipoanza kuimba alipaza sauti kama wenzake. Ni tangu mwaka 1957, katika wimbo wa "Four Walls," alipojulikana kwa namna yake mpya: kusogea karibu kabisa na maikrofoni na kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayenong'ona. Katika wimbo wetu namna hiyo inafaa kuliko yote, kwa kuwa mwimbaji amefanya kitendo kilekile anachomwomba mwanamke akifanye. Amesogeza mdomo karibu. Aliyekaa na redio yake Dar es Salaam au Dodoma amesikia kama kwamba yeye ndiye aliyepigiwa simu. Jim Reeves hakuishi sana baada ya hapo. Tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka katika mvua ya radi karibu na Nashville, naye alikuwa na umri wa miaka 40.

Turudi kwenye ubishi. Wenzangu wengi, hasa wavulana, walisema kwamba wimbo huu ni wa ubabe. Mtu amemkuta mwanamke wake na mtu, naye atoa amri: huyo aondoke! Mmoja alisimama darasani akaufasiri kwa sauti ya askari wa zamu, tukacheka mpaka darasa la jirani likatuma mtu kuuliza kuna nini. Wasichana kadhaa wakaafiki kwamba ni ubabe, lakini wakaongeza kwamba ni ubabe wa mwoga, maana angekuwa na nguvu angekwenda mwenyewe.

Mimi nasema sivyo. Mwenye amri hasubiri jibu. Mtu huyu ameomba, tena ameomba mara nyingi: sogea karibu, niambie, chagua. Ametaja mambo mawili yanayoweza kutokea, na moja katika hayo ni yeye mwenyewe kukata simu. Tazameni pia alicho nacho mkononi. Hana nguvu yoyote juu ya yule mwanamume mwingine; hamwoni, hawezi kumgusa, labda hata jina lake halijui. Kitu kimoja tu anachoweza kukiondoa duniani usiku ule ni kelele ya sanduku la santuri, nacho chenyewe ni mpaka amwombe mtu mwingine. Hicho ndicho alichokitoa.

Hapo Kiswahili chetu kilileta vurugu ambayo mwalimu hakuitazamia. Kwa Kiingereza jina la wimbo lasema wazi kwamba aondokaye ni mwanamume. Lakini sisi tuliandika "Itambidi Aondoke," na kiambishi chetu hakichagui mwanamume wala mwanamke. Nusu ya darasa, walioshika jina la Kiswahili na kusahau la Kiingereza, wakaeleza kwamba mwanamke ndiye atakayeondoka. Mmoja aliandika kwamba aondokaye ni mpiga simu. Mwalimu alimpigia mstari mwekundu, na kwa sarufi ya Kiingereza alikuwa na haki. Walakini mimi namwona mwenzetu yule kuwa ndiye aliyeusikia wimbo vizuri kuliko sote. Yuko mtu mmoja hapo ambaye itambidi aondoke, na mwimbaji hana hakika kama si yeye.

Jambo la pili ni neno lenyewe la jeraha hili. Waingereza husema moyo umevunjika, na wengi wetu tuliandika katika madaftari yetu kwamba mtu wa wimbo "amevunjika moyo." Lakini sisi hatulitumii neno hilo hivyo. Mwanafunzi huvunjika moyo akifeli hesabu mara ya tatu, akaacha kujaribu. Mkulima huvunjika moyo mvua ikikosa, akaacha kupanda. Kuvunjika moyo kwetu ni kukata tamaa, ni kuacha. Mtu wa wimbo ameumia, hilo hakuna anayelikataa, ila hajavunjika moyo kwa Kiswahili, kwa kuwa bado ameshika simu na bado auliza. Kwa hiyo nadhani maana ya wimbo ni hiyo nafasi iliyopo kati ya kuumia na kuacha. Ni nafasi ndogo sana, dakika mbili na ushei, na mtu aweza kuishi maisha yake yote asiwahi kusimama ndani yake.

Wale waliolelewa na taarabu wataona tofauti. Katika taarabu aliyeumia huficha maneno yake ndani ya fumbo, na anayesemwa hujijua mwenyewe akaondoka ukumbini au akaenda kutunza. Nami napenda taarabu. Nyumbani kwa shangazi yangu haizimwi. Lakini fumbo lina kinga yake: ukiulizwa waweza kukana kwamba hukumsema mtu. Mtu wa Jim Reeves hana pa kujificha. Ameuliza swali la kujibiwa ndiyo au siyo.

Nisingeshikilia hoja hii namna hii kama isingekuwa kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori la mizigo kati ya bandari ya Dar es Salaam na Tunduma, na mara nyingine huvuka mpaka kwenda Zambia. Elimu yake iliishia darasa la saba. Akawa utingo miaka mitatu, ndipo akapewa usukani. Katika lori lake kuna kadi ndogo ya nyimbo, na wimbo wa kwanza katika kadi hiyo ni huu. Amenipa ruhusa kuandika habari hii kwa sharti nisitaje jina lake wala la dada nitakayemsema.

Desemba iliyopita, shule ilipofungwa, alinipakia Morogoro tukaenda nyumbani Makambako. Tulipoanza kupanda Kitonga tulikuwa nyuma ya tela jingine lililolemewa, twatambaa kama konokono. Wimbo ukaanza. Kaka akanyoosha mkono akapunguza redio, akasema, "Haya, msomi. Wimbo huu nimeupiga miaka mingi. Nifasirie neno kwa neno."

Nikamwuliza, "Kwani wewe kaka wadhani wahusu nini?"

Akashangaa kwamba namwuliza. "Si dereva huyo? Anamwaga mkewe. Have to go, lazima aende, safari imefika."

Maneno hayo matatu aliyajua kutokana na watu wa forodha wa upande wa pili. Na nani atamlaumu? Sauti ya Jim Reeves ni sauti ya mtu anayeaga. Kwa miaka yote hiyo kaka alikuwa akiendesha usiku huku akijua kwamba kuna mwenzake mmoja huko Marekani aliyemwacha mke mlangoni akaingia barabarani.

Nikaanza kumfasiria. Nilipofika mahali pa simu ndipo nilipokumbuka ya Tunduma. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza, na mfasiri akianza kuchagua maneno ya kuficha si mfasiri tena. Nikaendelea mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hasafiri," akasema.

"Hasafiri, kaka. Yuko baa."

Akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Na yule mwanamke alijibu nini?"

Nikamwambia kwamba wimbo hausemi.

Hakutamka neno lingine mpaka tulipofika Ilula, penye wauza nyanya. Pale aliegesha lori kutazama matairi, akarudi ndani, akakaa bila kuwasha injini, akanisimulia jambo ambalo nyumbani nilikuwa nimelisikia nusu nusu tu, kwa sababu lilipotokea nilikuwa mtoto.

Mwaka 2017 alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi. Barua ilikuwa imekwisha kupelekwa, na nusu ya mahari. Usiku mmoja alikuwa Tunduma katika foleni ya malori, siku ya nne hajavuka, akampigia simu. Dada yule alipokea akasema kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusikika; na nyuma yake kaka akasikia mwanamume akicheka. Hakuuliza. Alimwambia usiku mwema, akakata, akaitoa laini katika simu akaitupa mtaroni. Aliporudi baada ya majuma matatu alimwambia baba kwamba hataki tena, wala hakueleza sababu. Mshenga alikwenda na kurudi mara mbili. Watu wa upande ule waliuliza kosa la binti yao ni nini, na upande wetu hapakuwa na mtu wa kuwajibu, kwa kuwa aliyejua alikuwa njiani na simu yake haipatikani. Mama aliacha kupita mtaa ule kwenda sokoni; akazunguka kwa nyuma, kwenye reli.

Yule aliyecheka aweza kuwa mwanamume mwingine. Aweza kuwa ndugu yake, au mjomba aliyekuja kutembea. Yaweza kuwa redio. Kaka hajui, wala hatajua sasa, kwa kuwa dada yule aliolewa Songea mwaka 2019 na ana watoto wawili. Kaka hajaoa.

"Mimi sikumwuliza hata ni nani," akasema. Hakusema kwa majonzi makubwa. Alisema kama mtu anayehesabu mizigo akakuta gunia moja halipo. Kisha akataka kujua kama yule Mmarekani alikuwa na salio la kutosha kungoja jibu. Nikamweleza kwamba zile zilikuwa simu za waya, na pengine ilimbidi atie sarafu. Akatikisa kichwa akawasha injini.

Wenzangu wa upande wa pili wamesema kwamba habari ya kaka haithibitishi kitu juu ya wimbo. Huenda mtu wa baa naye aliambiwa siyo, akabaki na aibu juu ya maumivu. Ni kweli, huenda. Tena kuna ushahidi wao ambao mimi mwenyewe nawapa, ili wasiseme nimeuficha. Mwaka 1960 mwimbaji wa kike, Jeanne Black, alitoa wimbo wa kujibu, kwa tuni ileile, uitwao "He'll Have to Stay," ambao nao ulipendwa sana Marekani. Humo mwanamke ndiye asemaye. Amwambia mpiga simu kwamba amechelewa. Amekwisha kupata mwingine, na huyo mgeni atabaki.

Nilimweleza kaka habari hiyo tulipokuwa tukiingia Makambako. Alitaka kujua kama mwanamke amemjibu kwa hasira au kwa upole. Nikamwambia ni afadhali asikilize mwenyewe. Nami jioni ile nikamtilia wimbo wa pili katika kadi ileile, uwe unafuata ule wa kwanza. Alfajiri aliondoka kwenda Tunduma. Tangu hapo tumezungumza mara nyingi, juu ya ada, juu ya tairi, juu ya goti la mama, wala hajaniambia kama ameusikiliza.